Wafu wetu wamelala wapi: maneno niliyowaambia Waswahili wenzangu wa Leicester

Baadhi ya watu ambao hawakuwahi kufika ukumbini wameniomba niyaandike yale niliyoyasema siku ile, basi nayaweka hapa jinsi yalivyotoka, nimepunguza tu pale nilipojirudia rudia.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wetu, kina mama, kaka zangu na dada zangu, na nyie vijana mliojibana kule nyuma karibu na mlango, nawaomba msogee mbele kidogo maana mengi ya leo yanawahusu nyie zaidi kuliko hata sisi tuliowaleta.

Mada niliyopewa ni Waislamu kwenye nchi za Magharibi, historia yao na hali yao ya sasa. Ni mada pana mno, tukisema tuizungumze yote hapa tutakesha mpaka Alfajiri. Kwa hiyo nitakaa Uingereza zaidi, hapa tulipo, nitapita Ujerumani kidogo maana kule kuna watu wetu wawili ambao wengi hatuwajui, na historia yote hii nitaiangalia kupitia makaburini. Sikuja kuhubiri adhabu ya kaburi, hilo nawaachia masheikh. Ni kwamba nipo kwenye kamati ya maziko kwa muda sasa, na nimeona ukitaka kujua watu fulani wana mizizi gani kwenye nchi, usiwaulize pasipoti wala biashara zao, waulize wafu wao wamelala wapi, nani aliwaosha, nani aliwaswalia na nani anakwenda kuwazuru. Mtu anaweza akakaa mji mmoja miaka thelathini na bado akajiona yupo safarini, lakini siku anapomzika mama yake kwenye udongo wa pale, hesabu imeshabadilika.

Basi tuanze Brookwood. Iko Surrey, karibu na Woking, kusini magharibi ya London. Ni makaburi makubwa sana yaliyofunguliwa mwaka 1854 wakati London imejaa wafu na hakuna pa kuwaweka, mpaka kukawa na treni maalumu ya maiti iliyokuwa inatoka Waterloo. Miaka ya 1880 kipande cha makaburi yale kikatengwa kwa ajili ya Waislamu. Aliyehangaikia jambo hilo ni Gottlieb Wilhelm Leitner, mzaliwa wa Hungary, ametoka kwenye familia ya Kiyahudi, mtaalamu wa lugha aliyefanya kazi Lahore miaka mingi, akarudi akafungua chuo chake pale Woking. Ni huyo huyo aliyejenga msikiti wa Shah Jahan mwaka 1889, msikiti wa kwanza nchi hii kujengwa kama msikiti kuanzia msingi, na sehemu kubwa ya pesa ilitoka kwa mwanamke, Begum Shah Jahan, mtawala wa Bhopal kule India. Nawaomba hili mlishike vizuri: mwanamke wa Kiislamu mwenye nchi yake ndiye aliyetoa pesa, na mtu wa asili ya Kiyahudi akasimamia ujenzi. Hivyo ndivyo tulivyoanza hapa, na kila nikisikia mtu anasema Uislamu umeingia Uingereza juzi juzi na ndege za wakimbizi, natamani nimpakie kwenye gari nimpeleke Woking.

Pale Brookwood wamelala watu ambao vitabu vyao viko majumbani kwenu. Marmaduke Pickthall yupo pale, Muingereza aliyesilimu akaitafsiri Qur'ani kwa Kiingereza, tafsiri ikatoka mwaka 1930. Abdullah Yusuf Ali yupo pale pia, na huyu nataka tusimame naye kidogo. Tafsiri yake imechapishwa dunia nzima, nyie wenyewe mmepewa zawadi kwenye harusi, mmeletewa kutoka Hija. Lakini Desemba 1953 polisi walimkuta mtaani Westminster, mzee wa miaka themanini na moja, amechanganyikiwa, hana wa kumshika mkono. Hazikupita siku nyingi akafariki. Ubalozi wa Pakistan ndio uliosimamia maziko yake. Mtu aliyewafundisha mamilioni maana ya aya za Mwenyezi Mungu amekufa peke yake kwenye baridi ya London, na mimi kila nikiwaona wazee wetu wengine wanaoishi peke yao kwenye fleti za kaunsili, watoto wameshahama, simu inalia mara moja kwa wiki, namkumbuka yeye. Hilo sio la mwaka 1953 tu, lipo hapa hapa mtaani kwetu.

Na kuna askari. Vita vya kwanza vya dunia, Uingereza ilileta jeshi kubwa kutoka India likapigane Ufaransa, na majeruhi wakawa wanaletwa hospitali za pwani ya kusini, ile kasri ya kifalme ya Brighton ikageuzwa hospitali yao. Waislamu wakianza kufa Wajerumani wakaeneza propaganda kwamba Waingereza hawawaziki kwa dini yao. Imamu wa Woking wakati huo, Maulvi Sadr-ud-Din, akaibana serikali, na mwaka 1917 ikakamilika sehemu maalumu ya kuwazika pale Horsell Common, karibu na Woking, ina ukuta na lango la kuba kama la msikiti. Nchi hii ilikubali kaburi la Muislamu ni jambo la heshima yake pale ilipohitaji damu ya Muislamu, tuseme tu ukweli. Vita vikaisha, miaka ikapita, miaka ya 1960 wahuni wakawa wanaingia kuharibu, ikabidi mwaka 1968 wahamishwe wote wapelekwe Brookwood. Leo pale Horsell pametengenezwa bustani ya amani, imefunguliwa 2015, wamepanda miti 27, kila mti askari mmoja. Nendeni na watoto wenu, hakuna kiingilio.

Sasa Liverpool. Kulikuwa na wakili mmoja mzaliwa wa kule, William Henry Quilliam, alikwenda Morocco kupumzisha afya akarudi na dini, mwaka 1887 akasilimu, akajiita Abdullah. Siku ya Krismasi ya mwaka 1889 akafungua nyumba namba 8 Brougham Terrace iwe msikiti na taasisi, na siku ile walianza kwa kuwalisha chakula watoto masikini wa mjini. Walikuwa na skuli, walikuwa na gazeti lao, walikuwa na nyumba ya kulea watoto wasio na wazazi. Sultani wa Uthmaniya Abdul Hamid wa pili akampa cheo cha Sheikh ul Islam, yaani kiongozi wa Waislamu, wa visiwa hivi mwaka 1894. Lakini mtaani walikuwa wanapigwa mawe na chupa, muadhini akisimama dirishani kuadhini anarushiwa uchafu, na waliendelea kuadhini. Quilliam akaondoka 1908, jamaa wakatawanyika, na nyumba ikaangukia mikononi mwa kaunsili ya mji. Na kaunsili iliifanya nini? Ikaifanya ofisi ya kusajili vizazi, ndoa na vifo. Miaka na miaka watu wa Liverpool walikuwa wanakwenda kuandikisha wafu wao ndani ya jengo lile bila kujua kwamba pale ukutani watu walikuwa wanasujudu. Chumba cha kuswalia kilikuwa stoo ya madaftari. Quilliam mwenyewe alifariki 1932, akazikwa Brookwood, kaburi halina hata jiwe la jina. Waislamu wa Liverpool wakaja kulipigania jengo, wakachanga, wakalikarabati, mwaka 2014 likafunguliwa tena kuwa msikiti. Nitalirudia jengo hili mbele.

Nimewataja mabegum na mawakili na wafasiri, lakini nchi hii haikuzoeshwa Uislamu na wakubwa hao peke yao. Waliouweka mitaani ni mabaharia. Suez ilipofunguliwa 1869 meli zikawa zinapita Aden kujaza makaa, na zikichukua makaa zinachukua na watu wa kuyapakia kwenye matanuri, Wayemen, Wasomali, watu wa kazi ya moto ambayo Mzungu hakuitaka. Wakashuka Cardiff, wakashuka South Shields, Liverpool, Hull. Wakaoa wanawake wa kule. Hao kina mama wa Kiwelshi na wa kaskazini ndio waliopika futari, waliolea watoto wakiwaita Mohammed na Fatuma, na wengine wakasilimu wakawa nguzo za zawiya, yaani vituo vya ibada na mafunzo, hasa miaka ya 1930 alipokuja Sheikh Abdullah Ali al-Hakimi kutoka Yemen akaanza kufundisha mpaka wake na watoto. Historia yetu inawataja masheikh, hao kina mama inawaruka, na mimi naona ni dhulma.

Maisha yao hayakuwa mepesi. Mwaka 1919 vita vimeisha, ajira hakuna, magenge yakawavamia watu weusi na Waarabu mabandarini, Cardiff pekee walikufa watu watatu. Mwaka 1925 ikaletwa amri ya mabaharia wa rangi wajiandikishe polisi kama wageni, hata wale waliozaliwa chini ya bendera ya Uingereza, wasipokuwa na karatasi ya kuthibitisha, na baharia gani wa zama zile alikuwa anatembea na cheti cha kuzaliwa?

Na hapo Cardiff ndipo lilipo kaburi ambalo mimi binafsi linanikaa kifuani kuliko yote. Mahmood Mattan. Msomali, mzaliwa wa Hargeisa, baharia, ameoa binti wa Kiwelshi anaitwa Laura, wana watoto watatu wa kiume. Machi 1952 mwanamke mwenye duka, Lily Volpert, aliuawa kwa kuchinjwa shingo, polisi wakamkamata Mattan. Ushahidi wenyewe ulikuwa wa kuunga unga, shahidi mkuu alikuwa mtu aliyebadilisha maneno na zawadi ya pesa imetangazwa. Wakili wake mwenyewe, yaani yule aliyesimama kumtetea, aliwaambia wazee wa baraza kwamba huyu ni nusu mtoto wa porini, nusu mshenzi aliyestaarabika nusu. Wakili wake! Tarehe 3 Septemba 1952 wakamnyonga kwenye jela ya Cardiff. Siku hiyo Laura alikwenda kumtembelea akakuta tangazo limebandikwa mlangoni kwamba mumewe ameshanyongwa. Na hawakumpa maiti. Waliokuwa wakinyongwa walikuwa wanazikwa ndani ya jela, basi Mattan akafukiwa pale pale, nyuma ya kuta, hakuna wa kwenda kumsomea Yasin.

Laura hakunyamaza. Miaka arobaini na zaidi, yeye na wanawe na watu wa Cardiff walikuwa wanaandika barua, wanagonga milango. Mwaka 1996 wakaruhusiwa kumtoa jela, wakamzika kwenye makaburi ya kawaida, Western Cemetery, na jiwe lake linasema ameuliwa na dhulma. Mwaka 1998 mahakama ya rufaa ikafuta hukumu, ilikuwa kesi ya kwanza kabisa kupelekwa mahakamani na ile tume mpya ya kupitia hukumu zilizokosewa. Polisi wa South Wales wao walikuja kuomba radhi mwaka 2022, miaka sabini baada ya kitanzi, Laura ameshafariki. Angalieni mpangilio wake jamani: familia ilidai kaburi kabla haijapata hukumu. Walijua kwamba mtu akiwa na kaburi lenye jina, ambalo mtu anaweza kulisogelea, kesi yake haiwezi kuzikwa.

Nilisema nitapita Ujerumani. Kule Berlin makaburi ya Waislamu ni ya zamani kuliko hata ya hapa, yalianza mwaka 1798 balozi wa Uthmaniya alipofia kule na mfalme wa Prussia akatoa ardhi, baadaye yakahamishiwa mtaa wa Columbiadamm na leo pana msikiti mkubwa wa Waturuki. Lakini mimi nataka kuwataja wawili wa kwetu. Mmoja ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alichukuliwa mwaka 1900 akafundishe Kiswahili Berlin kwenye chuo cha lugha za mashariki. Akaoa Mjerumani. Mwaka 1905 akataka kurudi kwao na mkewe, wakafika Dar es Salaam wakubwa wa koloni wakakataa mke mweupe wa mtu mweusi asishuke melini. Wakarudishwa Ujerumani, akaishi kwa kutoa mihadhara mji hadi mji, akafia kule 1927, Bagamoyo hakuiona tena. Mwingine ni Mahjub bin Adam Mohamed, Wajerumani walimjua kama Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari, mwenyewe alipigana upande wa Wajerumani akiwa bado mtoto. Mwaka 1929 akaenda Berlin kudai mshahara wake na wa marehemu baba yake, wakamnyima. Akawa mhudumu wa mgahawa, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza kwenye filamu zao. Kisha wakaja Manazi, 1941 wakamkamata kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mweupe, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen bila kesi, akafa Novemba 1944. Leo mbele ya nyumba aliyokuwa anaishi kuna kibao kidogo cha shaba kwenye lami, kiliwekwa 2007. Walikuwa walimu wa lugha yetu hawa. Nimewauliza vijana wengi waliosoma hapa na waliosoma nyumbani, majina haya hawajayasikia.

Sasa tuje kwetu, Leicester. Kuna wazee humu ndani walikuja na sanduku moja. Kenya ilipopata uhuru na mambo ya uraia yakaanza kubana, Wahindi wengi wenye pasipoti za Uingereza wakaanza kuja, na serikali ya hapa ikapitisha sheria mwaka 1968 kwa siku chache tu kuwafungia mlango watu wenye pasipoti yake yenyewe. Kisha 1972 Idi Amin akatoa siku 90. Waliokuja Uingereza kutoka Uganda walikuwa zaidi ya elfu 27, na kaunsili ya mji huu huu ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda likiwaambia msije Leicester, hatuna nafasi. Walikuja, Wahindu kwa Waislamu, Masingasinga. Maismaili, Waislamu wanaomfuata Aga Khan, wengi walichukuliwa Kanada baada ya yeye kuzungumza na waziri mkuu Trudeau, na mwaka 2010 Mwismaili mwingine wa huko, Naheed Nenshi, mtoto wa wazazi waliotoka Tanzania, akawa meya wa Calgary, Muislamu wa kwanza kuongoza mji mkubwa kiasi kile Amerika ya Kaskazini. Na waliobaki hapa, Waislamu wa asili ya Kihindi, Makhoja, Mabohora, Mamemoni, Wapunjabi wa Nairobi, walileta kitu kikubwa kuliko maduka. Walileta jumuiya zenye daftari. Zanzibar, Mombasa, Kampala walishazoea kila jamati, yaani jumuiya, iwe na kamati yake ya maiti, vyombo vyake vya kuoshea, sanda zimekatwa tayari, kafuri ipo. Walipofika hapa wakaanza na hilo kabla hata ya msikiti mzuri. Sisi Waswahili wengine tuliokuja baadaye, baada ya vita vya Somalia vya 1991, ndugu zetu Wabarawa, Waswahili wa mji wa Brava kule, na sisi tuliotoka visiwani miaka ya vurugu za uchaguzi, tuliwakuta wameshatengeneza njia. Na wengi wetu bado tunazikiwa na wao. Lazima niliseme hili mbele yao maana baadhi wamo humu: Mwenyezi Mungu awalipe kheri.

Hesabu ya watu ya mwaka 2021 inasema Waislamu wa England na Wales ni milioni 3.9, yaani asilimia sita na nusu, na zaidi ya nusu wamezaliwa humu humu Uingereza. Ndio hawa vijana wa nyuma. Mwaka 2001 tulikuwa milioni moja na nusu tu. Watu wanaiona namba hiyo wengine wanafurahi wengine wanaogopa, na woga huo mmeuona wenyewe. Julai 2024 wasichana wadogo watatu wakauliwa Southport, jambo la kuumiza moyo, na kabla wazazi hawajamaliza kulia ukaenea uongo mitandaoni kwamba muuaji ni Muislamu aliyekuja kwa boti. Msikiti ukavamiwa, matofali yakang'olewa ukutani yakarushwa. Asubuhi yake mafundi wa mji ule, wengi sio Waislamu, wakaja na mwiko na saruji wakajenga ukuta upya bila malipo. Siku zile zile watu wakakusanyika mbele ya msikiti wa Quilliam kule Liverpool, lile jengo nililowatajia, na imamu Adam Kelwick akavuka kizuizi cha polisi na sahani za chakula akawapa waliokuja kumpigia kelele, akakaa akaongea nao, mpaka baadhi yao wakamkumbatia. Mahali pale pale walipokuwa wanarusha chupa zama za Quilliam, na pale pale alipofungua kwa kulisha watu.

Ilipokuja korona mlikuwepo, sihitaji kuwasimulia sana. Madaktari wa kwanza kufa hapa kwa ugonjwa ule walikuwa Waislamu, Wasudani, Mpakistani, Mnaijeria, wazaliwa wa nje waliokuja kuhudumia hospitali za nchi hii. Machi 2020 mswada wa dharura ulipoletwa bungeni ulikuwa na kipengele ambacho kingeruhusu maiti kuchomwa moto hata kama dini yake haitaki, mbunge wa Bradford Naz Shah akasimama, jumuiya za Kiislamu na za Kiyahudi zikapiga simu usiku kucha, kikarekebishwa. Birmingham msikiti wa Ghamkol Sharif ukageuza sehemu yake ya kuegesha magari kuwa chumba cha maiti. Na nyie mnakumbuka hapa tulivyokuwa tunaswalia jeneza watu wachache tumeachana kama tumegombana, mtoto anamuangalia baba yake kwenye simu.

Hilo la Mayahudi nalitaja kwa makusudi. Kwenye mambo ya maziko hawa ndio wenzetu wa karibu zaidi nchi hii, wao pia wanazika haraka, wao pia hawapendi maiti ipasuliwe bila sababu. Mwaka 2018 mchunguzi wa vifo mmoja wa London, yule afisa anayeitwa coroner, alikuwa amekataa kuwapa kipaumbele wanaohitaji kuzika haraka kwa ajili ya dini, jumuiya ya maziko ya Kiyahudi ikampeleka mahakama kuu ikashinda, na Waislamu wakafaidika na ushindi ule mpaka leo. Tusiyasahau haya tunapokasirishana kwa mambo mengine.

Ufaransa nitagusa tu. Kule sheria ya 1881 iliondoa mipaka ya dini makaburini, kwa hiyo sehemu ya Waislamu inategemea hiari ya meya, na nafasi hazitoshi, watu wengi wanarudishwa Algeria na Morocco. Mipaka ilipofungwa 2020 familia zikabaki na maiti hazijui pa kuzipeleka. Kwa hiyo tunapolalamika hapa, na yapo ya kulalamikia, tujue pia tulichonacho.

Basi nije kwenye lililonileta. Akifa mtu wetu hapa, kitu cha kwanza kinachofunguliwa ni grupu la WhatsApp la mchango wa kumsafirisha. Naelewa. Mtu anataka alale karibu na mama yake, Mwera, Wete, Lamu, Kisauni. Baadhi yenu mmeahidi wazee wenu. Lakini kaeni mjue kinachofanyika. Maiti lazima aripotiwe kwa mchunguzi wa vifo, aruhusiwe kutoka nchini, atiwe dawa za kuhifadhi mwilini, afungwe kwenye sanduku lenye bati la zinki ndani, asubiri ndege. Zinapita siku, wakati mwingine wiki. Na sisi ni Mashafi, watu wa madhehebu ya Imamu Shafi, vitabu vyetu vinasema kumhamisha maiti kutoka mji aliofia kwenda mji mwingine hakufai, wengine wakasema ni makuruhu, isipokuwa awe karibu na Makka, Madina au Baytul Maqdis. Masheikh mpo, mtanisahihisha.

Na kuna la watoto. Nimeona familia zimemrudisha baba nyumbani, watoto wamezaliwa hapa, tiketi ni ya mkubwa mmoja tu kwenda kuzika. Wale wadogo hawakumwaga hata konzi moja ya udongo. Wanakua, kaburi la baba yao wanaliona kwenye picha, siku ya Idi wenzao wanakwenda makaburini Saffron Hill wao wanabaki nyumbani. Mimi naona tunawanyima kitu. Ukimzika hapa umempa mtoto wako sababu ya kukaa sawa na mji huu, ana mahali pa kwenda kuomba dua, ana haki ya kuiuliza kaunsili mbona majani hayajakatwa. Mimi nimeshaandika wasia wangu nizikwe hapa hapa, na nimewaambia wanangu nikiwa hai, wakalia, tukamaliza.

Kwa hiyo mambo ya kujua. Unachonunua kaunsili sio ardhi, ni haki ya kuzika pale kwa miaka kadhaa, na haizidi mia moja, kwa hiyo tunzeni karatasi na muiandike kwa jina la mtu ambaye atakuwepo. Sheria ya nchi hailazimishi jeneza la mbao, hayo ni masharti ya kila makaburi, ulizeni kabla. Tangu Septemba 2024 kila kifo ambacho hakikwenda kwa mchunguzi lazima kipitiwe na daktari mkaguzi kabla ya kusajiliwa, kwa hiyo ile desturi yetu ya kufa asubuhi kuzikwa Alasiri imekuwa ngumu, lakini wakikujua na ukiwapigia mapema wanasaidia, na kamati yetu tayari ina mawasiliano nao. Mwambieni daktari wa mzee wenu amuone mara kwa mara anapokuwa mahututi, inapunguza maswali baadaye.

La mwisho ni waoshaji. Wanaume tunajitosheleza. Kina mama waliobaki wanaojua kuosha ni wazee, wawili wao magoti hayawaruhusu tena kuinama, na akifa binti usiku wanaamshwa hao hao. Tunahitaji wanawake vijana wenye moyo. Mafunzo yatafanyika chumba cha juu, Jumamosi baada ya Adhuhuri, mtafundishwa na bibi zenu wenyewe kuanzia kutia maji mpaka kufunga sanda, na fomu ziko pale mezani kwa katibu. Fomu za viwanja pia ziko pale, za kulipa kidogo kidogo. Wenye maswali nyosheni mikono, tuanze na kina mama.